Kufunga muziki kwenye gari ukiwa Kigoma: kipi kinunuliwe kwanza

Wengi wanaotaka kuongeza muziki kwenye gari wanaanzia kwenye buti. Mtu anakwenda dukani Mwanga, anaona sabufa (spika za besi) mbili za inchi 12 ndani ya boksi lenye taa, limeandikwa wati 2,000, analipa. Mtaa unamsikia akipita, lakini yeye mwenyewe ndani ya gari hamsikii mwimbaji. Besi imemeza kila kitu, na sauti za juu bado zinatoka kwenye zile spika nyepesi zilizokuja na gari kutoka Japani. Kwa rumba ya Kongo, ambayo raha yake yote iko kwenye magitaa, hiyo ni hasara kubwa.

Mpangilio huu unafuata kile ambacho masikio yatapata zaidi kwa pesa iliyotoka, kwa magari tuliyonayo huku: IST, Raum, Wish, Noah, Probox na Harrier.

Nafasi ya kwanza: spika za milango ya mbele

Hapa ndipo pesa inapofanya kazi kuliko popote. Redio iliyokuja na gari inaweza kuandikwa wati 50 mara 4, lakini nguvu yake halisi ni wati 15 hadi 20 hivi kwa kila spika. Kwa hiyo usitafute spika yenye wati nyingi, tafuta yenye desibeli nyingi, yaani inayotoa sauti kubwa kwa umeme mdogo. Angalia kwenye boksi: spika ya desibeli 90 ikipewa wati 10 inatoa sauti sawa na ya desibeli 87 iliyopewa wati 20. Pia soma namba iliyo pembeni ya RMS, siyo ile ya MAX iliyoandikwa kwa herufi kubwa. RMS ndiyo nguvu ambayo spika inaweza kuibeba muda wote.

Majina kama Pioneer, Kenwood, JBL na Sony yanaigwa, na mzigo ukishatoka Dar hadi huku kuurudisha ni usumbufu. Ipime spika hapo hapo dukani. Weka vidole gumba viwili pande mbili za koni, isukume taratibu ndani na uiachie, sikio likiwa karibu. Ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) haijakaa katikati, usiinunue. Kisha omba mita. Spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) iliyo nzima inasoma omu 3 na kitu. Ikisoma 1, au isiposoma kabisa, iache.

Kuna jambo la mvua ambalo wauzaji hawalisemi. Mlango wa gari hauzuii maji: yanayoteremka kwenye kioo yanaingia ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Koni ya karatasi tupu inalainika. Kwa masika ya huku, chagua koni ya plastiki, na umwambie fundi azibue vile vitundu akishafungua paneli. Pima na kina cha sumaku pia. Magari mengi ya Toyota yanakubali inchi 6 na nusu kwa kuongeza ringi ya plaiwudi au plastiki, lakini sumaku nene itagusana na kioo. Kioo kishushwe mpaka mwisho kabla paneli haijarudishwa.

Bakiza pesa ya kutuliza mlango. Bati la mlango ni jembamba na lina matundu makubwa. Hewa ya nyuma ya spika ikikutana na ya mbele, besi inajifuta yenyewe. Karatasi za butili (mpira unaonata) zenye foili zikibandikwa kuzunguka spika na kuziba matundu, spika ile ile inaongezeka besi bila wati hata moja mpya. Epuka zile za lami. Gari likishinda juani zinalainika, zinanuka na kubanduka.

Nafasi ya pili: sabufa ya chini ya siti

Kwa IST, Passo au Raum, mimi ningeishia hapa. Ni boksi jembamba lenye spika ya inchi 8 au pungufu, na amplifaya yake iko ndani. Nyingi zinaandikwa wati 150 au 160, nguvu halisi ikiwa 50 hadi 75. Inatosha kabisa kujaza besi pale spika za mlango zinapoishia. Buti linabaki huru kubeba mizigo, na nyingi zinapokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye nyaya za spika, kwa hiyo hata redio ya zamani inafaa. Haitatikisa vioo. Anayetaka vioo vitikisike asome nafasi ya nne.

Nafasi ya tatu: redio

Redio za Japani zimetengenezwa kwa FM ya kwao, inayoanzia 76 na kwa nyingi kuishia 90. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo sehemu kubwa huzipati. Kile kifaa cha kuongeza bendi kinasaidia, ila mara nyingi kinaleta mikwaruzo. Kama wewe ni mtu wa taarifa ya habari na mpira, basi redio ndiyo inunuliwe kwanza kabla ya spika.

Ukichukua ya Android, usishuke chini ya RAM ya GB 2, vinginevyo itakwama kila ukifungua ramani. Igeuze uangalie nyuma: iwe na matundu ya RCA (yale ya duara ya kupeleka sauti kwenye amplifaya), likiwemo la sabufa peke yake.

Nafasi ya nne: inchi 10 moja kwenye boksi lililofungwa

Hii ndiyo sabufa kamili ninayoipendekeza. Inchi 10 moja, amplifaya ya mono (ya chaneli moja, kwa ajili ya sabufa) ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, ya wati 300 RMS, basi. Amplifaya hiyo ikifika mwisho inavuta ampea 27 hivi, mzigo ambao alteneta ya gari dogo inauweza.

Boksi lichongwe hapa hapa. Mafundi wetu wa samani wanapenda mninga, na ni mbao nzuri kweli, lakini inakuja kwa vipande vyembamba, na kila kiungio ni mahali hewa inaweza kupenya. Tumia plaiwudi ya milimita 18, gundi kila kona, ziba kwa silikoni. Kwa inchi 10 nyingi lita 20 hivi zinatosha, ila fuata karatasi iliyokuja na spika. Amplifaya isifungwe juu ya boksi lenyewe. Mtikisiko wa besi ukijumlishwa na wa barabara za vumbi unalegeza solda zake.

Waya ni mahali pa udanganyifu mkubwa. Kwangua ncha kwa kisu: shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini iliyopakwa shaba ni nyeupe ndani. Ya alumini inapitisha umeme kidogo zaidi, kwa hiyo ukikosa shaba, chukua nene zaidi. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Bila hiyo, waya ukichunika na kugusa bodi, gari linaweza kuungua.

Mwisho kabisa

Inchi 12 mbili kwenye boksi la tundu (lenye tundu la kupitisha hewa) naziweka mwisho kwa gari la familia. Amplifaya ya wati 1,000 halisi inaweza kuvuta ampea 90, wakati alteneta nyingi za magari madogo ziko kati ya 60 na 100, na hapo bado taa na kiyoyozi. Taa zitapepesa kila besi ikigonga na betri itakufa mapema.

Kwa wenye Harrier au gari lingine lililokuja na sabufa ya kiwandani: kutoa spika ya zamani na kuweka nyingine kwenye tundu lile lile hakuleti faida. Amplifaya ya kiwandani ni ndogo, na mara nyingi omu za spika yake si zile 4 za madukani. Iache kama ilivyo, chukua sauti kutoka kwenye nyaya zake kwa kibadilishi (kifaa kinachogeuza sauti ya waya wa spika iwe ya RCA), uipeleke kwenye amplifaya na sabufa mpya.

Fundi akimaliza, usiondoke haraka. Sabufa icheze chini ya 80 Hz, spika za milango juu ya hapo. Washa injini, punguza sauti mpaka sifuri, kanyaga mafuta. Ukisikia mlio unaopanda na injini, waya wa RCA umepita pamoja na wa umeme, au waya wa bodi umefungwa juu ya rangi badala ya chuma kilichokwanguliwa. Cheza muziki kwa sauti uliyoizoea kwa nusu saa, kisha shika waya mkubwa karibu na fyuzi. Ukiwa wa moto, abadilishe kabla hujammalizia pesa yake.