Gereji ya Chikongola iliyonisafishia inteki (njia ya hewa ya injini) ya Hiace na kunifungia kikopo cha kudaka oili, nimeitumia miezi mitano sasa

Naandika hii kwa wenye Hiace za dizeli, hasa zenye injini ya 1KD ile ya cc 2982, maana yangu imenihangaisha karibu mwaka mzima na hela imenitoka kweli kabla sijafika kwa huyu fundi wa Chikongola hapa Mtwara mjini. Gereji yenyewe haina kibao. Ni uzio wa mabati na mwembe mmoja, ukifika pale ulizia kwa vijana wa bodaboda fundi wa Hiace watakupeleka.

Mimi napeleka samaki. Saa 10 alfajiri niko Feri kwenye mnada wa samaki, nikishapakia naondoka kwenda Tandahimba na Newala, mara mbili tatu kwa wiki, na siku nyingine nazungukia Masasi halafu napandia Newala kwa upande ule. Sasa kale kamlima ka kutoka Masasi ndo kalinionyesha kwamba gari inaumwa. Zamani napanda na gia ya tatu na mzigo wangu wote, ikafika mahali ya tatu haivuti kabisa, nashusha ya pili, nikikanyaga unatoka moshi mweusi huko nyuma mpaka mwenye pikipiki anasimama pembeni nipite. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, nayo ikawa inapanda inashuka kama mtu mwenye homa. Dizeli, safari ya Newala kwenda na kurudi nilizoea lita 38 ikawa 45 na zaidi, na ukipiga hesabu kwa wiki yenye safari tatu unaona faida ya samaki inaishia kituo cha mafuta.

Fundi wa kwanza, sio huyu, alisema nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, zimekufa. Nikanunua nne. Moshi ukapungua kama wiki mbili ukarudi vilevile. Baadae duka moja la spea wakaniuzia dawa ya kumwaga kwenye tenki wakasema inasafisha kaboni yote kwenye injini, nikamwaga chupa tatu kwa nyakati tofauti na hakuna kilichobadilika.

Huyu wa Chikongola kitu cha kwanza hakushika spana, aliuliza. "Njomba, asubuhi pale Feri gari unaizima au unaiacha inaunguruma?" Nikamwambia inaunguruma, wakati mwingine saa nzima nikisubiri mnada. "Na ukitembea mjini unakanyaga au unaivutavuta taratibu kuokoa mafuta?" Naivuta taratibu, nikajibu. Akasema basi tufungue tuone. Akatoa ule mpira mkubwa unaotoka intakula (kipoza hewa) kuingia kwenye throto, ule mlango wa hewa wa injini, akaniambia washa tochi ya simu chungulia. Jamani. Njia ambayo ngumi ya mtoto ingepita imebaki tundu la kuingia kidole gumba, pembeni kote limejaa dude jeusi zito, ukilishika linavutika kama lami ya barabarani saa 8 mchana. Gari ilikuwa inavuta hewa kwa tundu hilo hilo na nozeli zinapuliza mafuta kama kawaida, hewa ndogo mafuta mengi, moshi mweusi utaachaje kutoka.

Alivyonielezea ndo hivi, na naandika kwa urefu maana nikiwa pale niliona wenzangu wengi hawajui. Injini hizi zina vali ya EGR, kazi yake kurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi uingie tena kwenye inteki, na imewekwa makusudi, moshi ule unashusha joto la ndani ya silinda ili gesi chafu za naitrojeni oksaidi zipungue. Moshi huo umebeba masizi makavu. Upande wa pili kuna mpira unatoka kwenye tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini, unapeleka hewa ya ndani ya injini mbele ya tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, hewa hiyo ina mvuke wa oili. Masizi makavu peke yake mengi yangepita tu, na mvuke wa oili peke yake nao ungepita, ila vikikutana kwenye manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa kila silinda, vinafanya gundi na kila siku inajenga juu ya ya jana. Halafu kwenye dizeli hizi za komoni reli mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hayapiti kwenye inteki hata tone, kwa hiyo hakuna kitu cha kuiosha. Hapo ndo nikaelewa kwa nini chupa zangu tatu za dawa ya tenki hazikufanya kitu, dawa ilikuwa haifiki kwenye uchafu wenyewe! Na EGR inafunguka zaidi gari ikiwa haina mzigo au iko sailensa, ukikanyaga sana inafunga. Ile saa moja ya Feri kila alfajiri nilikuwa naijaza mwenyewe.

Kazi ya kusafisha hapa nampa maksi zote. Alitoa manifoldi yote chini, vali ya EGR, na kile kipoza moshi chake, akavilaza kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya kukatia grisi usiku kucha, asubuhi akakwangua kwa bisibisi na brashi ya waya, akasuuza, akakausha kwa kompresa. Kwenye hedi yenyewe, kile kichwa cha injini chenye vali, ndo alikuwa makini zaidi. Anazungusha injini kwa mkono mpaka vali za silinda ile zimefunga, ndo anakwangua tundu lake, uchafu unafyonzwa na mashine ya kufyonzea vumbi, halafu anahamia silinda nyingine, na matundu asiyoyafanyia kazi kayaziba na matambaa. Kipande kigumu cha kaboni kikidondokea ndani kinaweza kukwaruza silinda au kukaa chini ya vali. Nimeshaona mahali watu wanapuliza kabu klina, ile dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, kwenye inteki gari ikiwa inaunguruma, huyu alinikataza kabisa, kwamba dizeli haina plagi za kuzima cheche, ikipata kitu cha kuungua kupitia njia ya hewa inapanda mizunguko yenyewe na hata ukizima swichi haisikii.

Akatoa pia nozeli kuangalia washa za kopa, vile vipete vya shaba vya kuziba vinavyokaa chini yake, mbili zilikuwa zimeanza kuvuja, kwenye injini ya 1KD huo ni ugonjwa unaojulikana. Washa ikivuja moto wa silinda unapita pembeni ya nozeli, oili inachafuka masizi haraka na mvuke unaokwenda inteki unaongezeka. Kabadilisha zote nne. Na yule wa kwanza aliyenifungia nozeli mpya alirudishia washa zilezile za zamani, hili limeniuma sana maana nilimlipa kazi kamili.

Sasa kikopo. Wazo lake ni kwamba ukisafisha halafu ukaacha mambo vilevile unarudi baada ya miaka miwili na dude lilelile, kwa hiyo tuitoe oili njiani kabla haijakutana na masizi. Kachukua kikopo cha alminiamu cha kama lita moja, chini kina koki ya kumwagia, ndani kina kizuizi ili mvuke ugonge, ukipoa matone yanadondoka chini na hewa inaendelea kwenda mbele ya tabo kama kawaida. Mipira kafunga ile ya kuhimili oili, sio mpira wa maji, mpira wa maji ukikaa na oili ya moto unalainika halafu unajifunga wenyewe kwa ndani. Hilo la kujifunga ndo la kuogopa kuliko yote kwenye hii kazi, hewa ya injini ikikosa pa kutokea presha inapanda ndani na oili inasukumwa kwenye sili, na tabo nayo inashindwa kurudisha oili yake vizuri inaanza kuila. Kwa hiyo ukimwona fundi anakufungia kikopo chenye vitundu vidogo kuliko mpira wa asili wa gari mkatalie.

Kuhusu kuziba EGR. Wengi huku wanaweka tu bati wanaiziba moja kwa moja, ni rahisi na kaboni inaacha kweli. Fundi aliniambia anaweza ila akanieleza vizuri, taa ya injini itawaka, ukipima na mashine utakuta namba za hitilafu za jamii ya P0400, joto la ndani linapanda na zile gesi chafu zinaongezeka. Nikachagua tuiache hai ila safi. Mimi nalala Magomeni nyumba iko barabarani, watoto wanavuta hewa ya magari yetu haya haya, na oili ikishadakwa nusu kubwa ya tatizo imeondoka.

Mapungufu yapo na nayasema wazi. Aliniahidi siku moja na nusu, gari imekaa siku nne, na mimi mzigo wangu hausubiri, nimekodi gari ya mtu safari mbili. Pili alitaka kurudishia gasketi ya zamani ya manifoldi, akasema bado nzima, nikakataa nikanunua mpya, gasketi inayovuja kwenye gari la tabo inapoteza hewa uliyoisafishia kwa jasho. Tatu, na hili ndo lilinikera, ndani ya kikopo aliweka stilwaya zile za kusugulia sufuria. Baada ya wiki tatu nafungua naona zimeanza kukatika vipande vidogo, na mbele ya hapo ni tabo! Nikarudi naye moto. Hakubisha, katoa zote, kasafisha mpira mpaka kwenye tabo, kaweka wavu wa chuma kisichoshika kutu kaukunja na kuubana na bati lenye matundu, hakuchukua hata mia. Ningependa angefanya hivyo toka mwanzo lakini namna alivyolipokea kosa lake imefanya niendelee kumwamini.

Bei niliyolipa: kusafisha laki 2 na nusu, kikopo na mipira yake elfu 85, gasketi elfu 60, washa za kopa elfu 40. Ni hela, ila bado ni kidogo kuliko nozeli nne nilizonunua bure. Risiti hatoi, niliandika mwenyewe kwenye daftari na akasaini.

Gari sasa. Kamlima ka Newala kanapandwa na gia ya tatu, moshi unaonekana kidogo tu wakati wa kuondoka, sailensa imetulia, na mafuta yamerudi lita 38 au 39 kutegemea mzigo. Wiki iliyopita nikafungua tena ule mpira wa throto mwenyewe nichungulie, kuna ukungu mweusi mwembamba mkavu, nimepitisha kitambaa umetoka. Kikopo namwaga kila kilomita 1500 hivi, kinatoa kama nusu kikombe cha chai. Wakati wa masika kilitoa kitu cheupe kama maziwa nikaogopa nikadhani gasketi ya hedi imekwenda, kumbe ni unyevu tu umechanganyika na oili, huku kwetu pwani utauona sana hasa kwa anayetembea safari fupi fupi, maji ya rejeta yakiwa hayapungui usiwe na hofu. Na pale Feri siku hizi nazima gari nasubiri mnada kwa miguu.

Mwisho wa mwezi huu namwaga oili, tumekubaliana na fundi tushushe na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tuangalie lile chujio la chini linalovuta oili, maana washa zikivuja muda mrefu masizi yanakwenda kuganda pale na injini inakosa oili. Ukitaka kwenda kwake nenda asubuhi, msimu wa korosho ukianza magari ya mizigo yanajaa pale mpaka nje ya uzio na zile siku nne zangu zitakuwa wiki.