Nakala za Samaki wa Triasi: Tathmini ya Mwalimu wa Biolojia, Kampala

Muhula uliopita niliagiza kutoka ng'ambo seti ya nakala tano za resini, zilizotengenezwa kwa kalibu za visukuku halisi vya samaki wenye mapezi ya miali (mapezi yanayoshikiliwa na miiba myembamba) walioishi katika kipindi cha Triasi, yaani kati ya miaka milioni 252 na milioni 201 iliyopita. Nililipa shilingi 380,000 pamoja na usafirishaji. Sanduku lilifika salama, isipokuwa ncha ya mkia wa Bobasatrania, mmoja wa samaki hao watano, ilikuwa imevunjika, nami nikaiunga kwa gundi.

Ubora wa seti hii uko kwenye shavu la samaki mmoja. Nakala ya Watsonulus, ambaye visukuku vyake hupatikana Madagaska katika miamba ya mwanzo wa Triasi, imetolewa kwa usafi kiasi kwamba ukipitisha ukucha nyuma ya taya la juu unahisi ufa unaolitenga na mifupa ya shavu. Kwa samaki wa kale zaidi, taya hilo lilikuwa limeshikamana na shavu, hivyo kinywa kilifunguka kama kifuniko na kazi yake kubwa ilikuwa kung'ata. Lilipoachiliwa upande wa nyuma, liliweza kusogea mbele, kinywa kikapanuka ghafla na maji yakaingia pamoja na windo. Siku ya somo nilinunua sato wawili wabichi, ngege kama tunavyowaita hapa, kwenye mwalo wa Ggaba, wanafunzi wakawavuta midomo taratibu huku wakitazama nakala. Mdomo wa sato huchomoza zaidi, kwa sababu ya mabadiliko yaliyokuja baadaye sana, lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa mara ya pili kwa nini ufa ule una maana.

Saurichthys, mwenye mwili mwembamba na pua ndefu, anafaa kuwekwa kando yake, kwani shavu lake limefungwa kabisa. Kijitabu kilichokuja na seti kinataja kwa sentensi moja tu kwamba huko Monte San Giorgio, mpakani mwa Uswisi na Italia, vimepatikana visukuku vya majike wenye vijusi tumboni, ishara kwamba walizaa watoto hai. Jambo kubwa kama hilo lilistahili nakala yake.

Kasoro inayonisikitisha ni kadi ya maelezo, ambayo imewapanga samaki wote watano kwenye mstari mmoja kana kwamba kila mmoja alimzaa anayemfuata. Huo ni upotoshaji. Saurichthys na Bobasatrania ni matawi ya pembeni yaliyokatika bila kuacha kizazi kilicho hai leo. Potanichthys wa China, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2012 na ambaye mapezi yake mapana yalimwezesha kunyiririka juu ya maji, naye alikuwa na njia yake. Ni Pholidophorus wa mwisho wa Triasi, mwenye mkia unaokaribia ulinganifu, anayesimama karibu na shina la teleosti, kundi lenye sehemu kubwa mno ya spishi zaidi ya 30,000 za samaki wa mapezi ya miali waliopo sasa, sato na sangara wakiwemo. Nimeitoa kadi hiyo sandukuni na kuchora mti ubaoni.

Ninaipendekeza seti hii kwa shule, kwa sharti hilo. Kwa msomaji wa Uganda, hata hivyo, pengo moja linaonekana: hakuna Fukangichthys, samaki wa Triasi wa China ambaye utafiti wa mwaka 2017 ulimhusisha na ukoo wa Polypterus, na Polypterus wenyewe wanaishi Ziwa Albert na katika mto Nile, wakiwa bado na magamba mazito yenye umbo la msambamba kama ya samaki wale wa kale. Mvuvi mmoja wa Butiaba, kando ya Ziwa Albert, alinipa kipande cha ngozi iliyokauka yenye magamba hayo. Nimekiweka sandukuni mahali ilipokuwa kadi, na wanafunzi hukishika kabla ya kugusa nakala yoyote.