Uzoefu wangu na Samsung 970 EVO Plus ya terabaiti 1: kasi baada ya bafa kujaa

Nahariri video za harusi na send-off hapa Dar es Salaam. Kila Jumapili usiku kazi ni ile ile: kumwaga faili za kamera tatu kwenye kompyuta kabla mpiga picha hajaondoka na diski yake. Harusi moja hunijia na gigabaiti 200 hivi, wakati mwingine zaidi. Nikisema SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sehemu inayozunguka, inaandika haraka au inakokota, nasema kitu ninachokiona kila wiki.

SSD yangu ya kwanza ya NVMe (aina ya kasi inayochomekwa ndani ya kompyuta) sitaitaja jina. Ilikuwa ya bei nafuu, na boksi lake liliahidi megabaiti 1,800 kwa sekunde. Siku ya kwanza nikanakili gigabaiti 210 kutoka diski ya nje ya USB. Dakika ya mwanzo ilinifurahisha, kwani grafu ya kijani ya Windows ilitulia kwenye 900, ambayo ndiyo kasi ya ile diski ya nje yenyewe. Ilipofika kama gigabaiti 70, grafu ikaporomoka hadi 80 na haikupanda tena. Mpiga picha wa watu alikaa kwenye kiti cha plastiki nusu saa nzima, bodaboda inamngoja nje. Nikadhani ni joto, nikafungua kava na kuelekeza feni. Nikabadilisha kebo. Wapi!

Ilinichukua wiki mbili za kusoma na kupima kuelewa kwamba diski haikuwa mbovu. Ilikuwa imeishiwa bafa, yaani sehemu ya kupokelea data kwa haraka.

Fikiria duka la jumla pale Kariakoo ambalo stoo yake iko ghorofani. Lori likifika, vijana hawapandishi katoni moja moja huku dereva anangoja. Wanashusha mzigo wote barazani, dereva anasaini anaondoka, kisha wanapandisha taratibu. Kontrola ya SSD, chipu inayoiendesha, inafanya hivyo hivyo. Diski ile ilikuwa ya QLC, yaani kila seli (kijumba kidogo kinachotunza chaji ya umeme) inabeba biti 4, na ili kuziandika lazima chaji ipimwe kwa uangalifu hadi iangukie kwenye kiwango kimoja kati ya 16. Kazi hiyo ni ya polepole. Kwa hiyo kontrola hutenga sehemu ya seli hizo hizo na kuziandika biti moja moja tu, viwango viwili, haraka haraka. Hilo ndilo baraza, na wenyewe huliita kashe ya SLC. Diski ikipumzika, data inahamishiwa ndani kwa mtindo wa biti 4. Baraza likijaa kabla hujamaliza kushusha, kila katoni inangoja mwenzake apandishwe ngazi. Ile 80 niliyoiona ndiyo kasi ya ngazi, na kwenye boksi haikuandikwa popote.

Nikauza ile, nikaongeza hela, nikachukua 970 EVO Plus. Ni diski iliyotoka mwaka 2019, siyo mpya, lakini nilichagua kwa kusoma mambo mawili ambayo sasa nayatafuta kabla ya bei. La kwanza, seli zake ni TLC, biti 3, kwa hiyo hata bafa ikijaa haidondoki shimoni. Ya terabaiti 1 ilipotoka, bafa yake, ambayo Samsung huiita TurboWrite, ilikuwa gigabaiti 42, na baada ya hapo kasi ilitajwa waziwazi kuwa megabaiti 1,700 kwa sekunde. Mwaka 2021 kontrola ilibadilishwa, jina la diski likiwa lile lile. Bafa ikakua hadi karibu gigabaiti 115, lakini baada yake kasi ni kama 800. Yangu ni hii ya baadaye. Kwa kazi yangu sioni tofauti, maana diski ya nje hainipi zaidi ya 900. Anayenakili kati ya NVMe mbili ataiona.

La pili ni DRAM, kumbukumbu ya haraka inayopotea umeme ukikatika, gigabaiti 1 ndani ya diski. Mafundi wengi wanakuambia video inakaa humo ikisubiri. Lakini sehemu kubwa ya DRAM hiyo inabeba ramani: kila kipande cha kilobaiti 4 kiko seli ipi. Fleshi, yaani chipu zenye zile seli, haiandikwi juu ya data ya zamani. Inaandikwa kwa kurasa na kufutwa kwa bloku nzima za megabaiti kadhaa, kwa hiyo data inahamahama na ramani inabadilika muda wote. Diski isiyo na DRAM hukopa RAM kidogo ya kompyuta, au inaisoma ramani kutoka kwenye fleshi yenyewe. Tofauti naiona nikiwa kwenye DaVinci Resolve, programu ninayohaririia: inaandika faili ndogo ndogo za muda huku inasoma klipu tatu kwa pamoja. Kwenye ile ya zamani picha ilikuwa inakwama kila baada ya muda. Hapa inatiririka.

Kuna mawili ya kuangalia. Sehemu kubwa ya bafa hii hukatwa kutoka kwenye nafasi iliyo wazi, hivyo diski ikijaa, baraza linafinyika. Nilipoijaza hadi kubaki gigabaiti 40, kasi ilishuka mapema sana. Sasa siruhusu nafasi wazi ipungue gigabaiti 250.

Lingine ni umeme. Mabadiliko mapya ya ramani na data kidogo inayopitia kwenye DRAM huenda bado hayajafika kwenye seli. SSD za seva nyingi zina kapasita za kuipa kontrola muda wa kuimalizia umeme ukikatika, lakini hizi zetu za kawaida kwa kawaida hazina. Nikiwa bado na diski ya kwanza, umeme ulikatika katikati ya kunakili na klipu ya bibi harusi akiingia ukumbini haikufunguka tena. Bahati mpiga picha alikuwa hajafuta kadi ya kamera. Usiku ule sikulala. UPS (betri ya akiba) niliyonunua baadaye inanipa dakika kumi, na siku hizi siruhusu kadi ifutwe mpaka nimefungua klipu moja moja.

Jumapili iliyopita gigabaiti 210 ziliingia kwa dakika nne na kitu. Mpiga picha alikuwa hajamaliza chai yake.