Sarafu ndogo za fedha za miji ya Kijerumani: uanze na ipi?

Kama bajeti yako inatosha sarafu moja tu ya zama za kati kutoka miji ya Ujerumani, chukua Witten, sarafu ya fedha ya mji wa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani. Wauzaji wengi watakusukumia Heller, sarafu nyingine ndogo ya zama hizo, kwa sababu ni bei rahisi. Mimi nasema ongeza pesa kidogo upate sarafu inayojitaja yenyewe ilikotoka.

Witten ilianza kupigwa katikati ya karne ya 14, ikiwa na thamani ya pfennig 4 (pfennig ni peni ya Kijerumani). Uzito wake ni gramu moja na kitu, kwa hiyo inashikika. Upande mmoja kuna tai wa vichwa viwili, wa pili msalaba, na pembeni maandishi ya Kilatini: MONETA LVBICENSIS, sarafu ya Lübeck. Ukiletewa mbili, moja tai wake yuko safi lakini jina la mji limefutika, nyingine tai kachakaa ila jina linasomeka lote, chukua ya pili. Mwaka 1379 Lübeck, Hamburg na Wismar ziliafikiana kuhusu viwango vya sarafu zao, na miji jirani ikajiunga baadaye. Hapo ndipo utamu unapoanza: Lüneburg ina simba, Stralsund ina ncha ya mshale. Jiandae, hutaishia moja.

Nafasi ya pili naipa Heller ya Schwäbisch Hall, yenye kiganja upande mmoja na msalaba upande mwingine. Bei yake ndiyo ya chini kuliko zote hapa. Tatizo ni kwamba kipande cha fedha kiligongwa kingo nne kabla ya kupigwa chapa, kikabaki na alama ya mraba inayomeza picha. Mara nyingi unaambulia vidole viwili vitatu. Isitoshe, miji mingine iliiga kiganja hichohicho. Muuzaji akisema ni ya Hall, muulize amejuaje. Na ukiitafuta mtandaoni, utamwagiwa Heller za Deutsch-Ostafrika, koloni la Wajerumani Afrika Mashariki. Ile ya heller 20 ya Tabora, 1916, ni nzuri kuwa nayo, ila haina madini ya fedha.

Hohlpfennig, yaani pfennig zenye bonde, za Lübeck na Hamburg ni za tatu. Zimepigwa upande mmoja kwenye bamba jembamba la fedha, nyuma picha imebonyea. Hupasuka kirahisi, hivyo omba picha iliyopigwa dhidi ya mwanga, ufa utauona.

Brakteati kubwa za karne ya 12, nazo sarafu nyembamba za upande mmoja, ziache kwanza. Ni maridadi kupindukia, lakini nyingi ni za maaskofu na mabwana, si za miji, na zilighushiwa zamani sana: mchongaji Nicolaus Seeländer wa Hannover alizitengeneza bandia katika karne ya 18, na kazi zake bado zinazunguka.

Yoyote utakayochagua, dai uzito kwa gramu, picha za pande zote mbili na risiti inayoonyesha ilipitia kwa nani. Akikataa kimoja kati ya hivyo, funga ukurasa.