Mashine ya presha inayovuta maji kwenye pipa: nimeijaribu nyumbani Moshono

Wadau, karibuni tena. Leo nipo kwa mama, hapa Moshono, na kama mnasikia kelele ni jirani anapasua mbao, tumvumilie. Kabla sijagusa mashine, angalieni huu ukuta. Dogo, sogeza kamera hapa chini. Hii rangi ilikuwa ya maziwa! Masika yote, Machi mpaka Mei, mvua inapiga chini, udongo mwekundu unaruka, unaganda ukutani mpaka futi mbili kwenda juu. Na hapa chini ya mparachichi jua halifiki, pevingi zimeota ule ukijani unaoteleza kama sabuni. Mwezi wa tano mama alianguka hapahapa na ndoo mkononi, akaumia kiwiko. Siku hiyo niliamua hii kazi lazima ifanyike.

Sasa hii ndiyo mashine, ya kuoshea kwa maji ya presha. Stika nimeifunika kwa utepe makusudi, kwa sababu mashine hiihii utaikuta madukani ina stika tatu tofauti na bei tatu tofauti. Mimi nimeinunua kwa hela yangu, laki mbili na themanini na tano, sijapewa na mtu. Wati ngapi, presha baa ngapi, yameandikwa kwenye boksi, utasoma mwenyewe. Ninachotaka mkione ni kitu kimoja, na nitakaa nacho mpaka kieleweke.

Leo bomba halina maji. Ni siku ya mgao, na nimeichagua siku hii kusudi. Mashine nyingi hizi ndogo zinataka uunganishe bomba lenye msukumo. Bomba likikauka, unabaki na pambo la plastiki. Hii inavuta maji yenyewe kwenye pipa. Angalieni!

Huu mpira wa kuvutia una kichujio mwishoni, hiki cha wavu. Usikitoe hata siku moja, maana jani moja la mparachichi likiingia kwenye pampu umekwisha. Naulaza mpira wote ndani ya pipa, uzame, ujae maji. Mnaona mapovu yanatoka? Hiyo ni hewa, na hewa ndiyo adui. Nasubiri... bado... sasa mapovu yameisha. Naunganisha kwenye mashine, mwisho wenye kichujio unabaki majini. Halafu fimbo ya mbele naitoa kabisa, nabaki na bunduki tupu, yaani huu mshikio wa kubonyeza. Nawasha, nabonyeza. Sikilizeni sauti. Inakohoa, inatema maji na hewa, tfu, tfu. Msiogope, msiachie. Sekunde kumi, kumi na tano... Mmesikia? Sauti imetulia, imekuwa moja, na maji yanatoka mfululizo. Sasa ndiyo nazima, narudisha fimbo, naanza kazi. Wadau, kwa Arusha yetu hii, kitu hiki pekee kinanitosha kulipa ile hela!

Nina sababu ya kushangilia. Mwaka jana nilinunua nyingine, duka silitaji. Muuzaji akaniapia inavuta pipa. Haikuvuta. Pampu ikazunguka kavu, sili, zile raba za kuziba ndani ya pampu, zikaungua mchana mmoja, na niliporudisha nikaambiwa garantii haihusu matumizi mabaya. Matumizi mabaya gani, wakati nimefuata maelezo yao? Kwa hiyo ukienda dukani, usikubali neno la mdomo. Mwambie alete ndoo ya maji pale kaunta, aivutishe mbele yako. Akikataa, ondoka.

Na pipa lisiwe chini sana kuliko mashine. Kitabu cha hii kinasema mwisho ni nusu mita. Mimi nimelipandisha juu ya matofali mawili na mambo yanakwenda. Inakunywa kama lita sita kwa dakika, maana yake pipa la lita 200 linakupa nusu saa na ushee. Ukiosha kwa mpira wa kawaida wa bustani, maji yale ungeyamaliza mapema sana na ukijani ungebaki palepale.

Haya, ukuta. Ukuta sioshi kwa pua kali. Naweka pua ya feni, ile inayotawanya maji, nasimama hatua moja nyuma, halafu nasogea taratibu huku naangalia rangi. Sabuni naipaka kuanzia chini kwenda juu, kusuuza naanza juu kushuka, la sivyo unapata michirizi. Hapa plasta ina ufa, mnauona? Hapa sipigi. Maji yakiingia nyuma ya plasta yataibandua yote, na fundi atakula hela yako. Kwenye soketi ya nje na boksi la mita napita mbali kabisa, nafuta kwa kitambaa. Na dogo, rudi nyuma kidogo. Haya maji yanachana ngozi, si mchezo, watoto wakae ndani.

Kuna mdau aliniuliza kwa nini nisichukue ile ya petroli kama za kuoshea magari. Kaka, ile ni ya biashara. Nguvu yake ukiikaribisha kwenye rangi ya nyumba unarudi kupaka upya. Mwingine akauliza Kärcher, zile za njano za Wajerumani. Wale wako kwenye hii kazi tangu 1950, mashine ndogo zao nyingi nazo zinavuta pipa, na nikipata ya kuazima nitazisimamisha mbili pamoja. Labda mwezi ujao. Jumamosi hii nashuka Moshi kuangalia pampu za kisima, kwa hiyo wa Moshi mkae tayari, na kengele muibonyeze.

Kinachonikera? Huu mpira wa presha. Mita tano tu, mgumu kama waya wa nguzo, ukigeuka unajikunja na kuivuta mashine inaanguka. Jana nilikasirika nikasema video hii nitaiponda. Nimeongeza mpira wa mita kumi, elfu arobaini na tano, na hasira zimepungua, lakini hiyo hela walipaswa kuitoa wao. Kwa hiyo hesabu yako iwe laki tatu na thelathini.

Tumalizie pevingi. Naweka pua ya kuzunguka. Ona mstari huo! Kijani upande huu, kijivu upande huu, na sijapaka dawa yoyote. Natembea pole pole, pua iko shubiri moja na nusu kutoka chini. Kwenye viungo usikae sana, inachimbua mchanga kati ya tofali na tofali. Hapa tayari nimeuchimbua kidogo, nitarudishia mchanga mkavu na ufagio zikishakauka. Mama, shikamoo, pita tu, pita hapa. Unaona? Kiatu kinashika.

Subirini, sauti imebadilika. Inakohoa tena. Dogo, angalia pipa. Limeisha? Zima, zima haraka!