Kabla hujanunua hom thieta, igeuze kwanza uone mgongo wake

Desemba nilinunua woofa ya spika tano hapa Kisumu, 14,500, boksi limeandikwa 5.1 kubwa kabisa. Nikafika nyumbani Kondele, nikapanga spika mbili nyuma ya kochi, nikaweka DVD. Mtu anaongea pale kwa skrini na sauti yake inanitokea kisogoni! Kugeuza ile kitu, naona matundu mawili tu ya kuingiza sauti, jekundu na jeupe. Kumbe ni stirio ya kawaida imegawiwa spika tano.

Kwa hivyo leo mambo ya wati na taa za rangi sitaki, nataka tuongee dikoda, yaani kile kifaa cha ndani kinachofungua sauti iliyobanwa kwa diski na kugawia kila spika yake, kwa sababu hakuna muuzaji huitaja.

Sauti ya Dolby Digital, mtindo wa kubana sauti ya sinema, kwa DVD huweza kuwa na njia sita: tatu za mbele, mbili za nyuma, na moja ya besi peke yake, hiyo ndiyo ile .1. Bila kubanwa zingekula kama kilobiti 4,600 kila sekunde na picha ingekosa pa kukaa, ndio zinabanwa hadi 448 au chini ya hapo. Kinachotupwa ni kile sikio halingeshika. Mvua ya jioni ikipiga mabati, jirani akikohoa utamsikia? Basi kikohozi hakipewi nafasi. Sasa huo mzigo ukishafungwa hivyo lazima kuwe na wa kuufungua, na waya nyekundu na nyeupe hubeba njia mbili tu, labda deki yako iwe na matundu sita ya kutoa sauti na woofa sita ya kupokea.

Namba moja kwangu ni Sony, zile zenye deki ndani, na sifichi, nazipenda. Dikoda iko humo humo, hakuna waya ya kukosea. Dadangu anayo Nakuru, mlango ukifungwa kwenye sinema unageuka kuona nani ameingia.

Ya pili ni risiva ya mtumba, ile mashine ya kuendesha spika, yenye dikoda na tundu la sauti ya dijitali, optikali ama koaksiali, lakini ingia setingi za deki, pale kwa SPDIF (njia ya kutoa hiyo sauti ya dijitali), uweke RAW, ndio mzigo utoke ukiwa bado umefungwa, ikibaki PCM inatuma njia mbili tu na utalaumu risiva bure. Tatu ni saundiba yenye spika za nyuma, ila ukiipitishia sauti kwa tivi, tivi zingine zinapokea njia sita na kutoa mbili.

Woofa za bei ya chini ni za muziki.

Dukani beba diski yako orijino, si ile ya sinema nane, tega sikio kwa spika ya nyuma watu wakiongea. Mimi walinikatalia, wakaniwekea muziki wa flashi kwa sauti ya juu, na kurudisha wakanionyesha risiti, eti bidhaa ikiuzwa hairudi. Na rafu hiyo hiyo kulikuwa na ya spika mbili, 8,000, nyuma matundu ni yale yale mawili.