Flickr au SmugMug kwa Mpiga Picha wa Nairobi

Mpiga picha anayefanya kazi za harusi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) jijini Nairobi, akitaka mahali pa kuweka picha zake mtandaoni, hukutana mapema na Flickr na SmugMug, tovuti ambazo tangu 2018 zina mmiliki mmoja ingawa shabaha zao zinatofautiana sana.

Flickr, iliyoanzishwa mwaka 2004, ni uwanja wa kutazamana: wanachama hujiunga na vikundi, hupeana maoni na kufuatana. Mwaka 2013, ikiwa chini ya Yahoo, iliwapa watumiaji wa bure nafasi ya terabaiti 1. Miaka mitano baadaye ikatangazwa kuwa akaunti ya bure itaishia picha 1,000. Wanachama wengi walilalamika, na kwa maoni yangu walikuwa na haki, kwa kuwa mtu aliyekwisha kupakia maelfu ya picha si rahisi kuhama.

SmugMug haina akaunti ya bure ya kudumu, ila muda wa majaribio tu. Ada anayolipa mtumiaji humpa duka la kuuzia picha mtandaoni: mpiga picha hupanga bei yake mwenyewe, huweka alama ya umiliki juu ya picha, na hufunga albamu kwa nywila ili familia ya bibi harusi pekee ndiyo iione.

Anayepiga picha za ndege wa msitu wa Karura kwa mapenzi tu atatosheka na Flickr. Mwenye wateja wanaolipa, ningemshauri aanze na SmugMug.